Inasoma kwa jirani, kwako inagoma: kutibu mafaili yanayohama kati ya Windows, Mac na Linux

Saa mbili asubuhi, siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, dada mmoja wa chuo aliingia steshenari na flashi mkononi. Kazi ya miezi kumi ilikuwa humo, kaiandika kwenye MacBook ya kuazima. Kijana wa kaunta akaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, kikatokea kidirisha kinachosema diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Akabofya "Format disk" kwa nia njema kabisa, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mimi nilikuwa pale nasubiri fotokopi zangu. Nilikiona kidirisha kile nikachelewa kusema.

Tulishinda naye hadi magharibi. Programu ya PhotoRec ilichimbua mafaili mia na kitu, yote yamepoteza majina, yanaitwa f0084512.docx na kuendelea, tukawa tunafungua moja moja mpaka tukaipata sura ya nne. Sura ya tano haikuonekana tena.

Flashi ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa imepangwa kwa mpangilio wa Apple ambao Windows haiufahamu, na kompyuta ikikutana na diski isiyoifahamu, inachojua ni kuomba ruhusa ya kuifuta. Tangu siku ile kila mtu ninayemhudumia namwambia neno moja kabla ya yote: mpaka ujue ugonjwa ni upi, usiandike chochote kwenye diski hiyo. Usifomati, usihamishie faili jipya, usiruhusu "kurekebisha". Bofya "Cancel". "Cancel" haijawahi kumpotezea mtu faili.

Makosa yaliyo hapa chini ndiyo yanayoletwa kwangu wiki nenda wiki rudi. Nimeyapanga kwa maneno ya watu wenyewe wanavyoeleza dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachojitokeza zaidi ndicho kinachotangulia.

"Inaniambia nifomati" au "haionekani kabisa"

Chanzo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni mpangilio wa diski. Kila diski ina namna yake ya kuorodhesha mafaili, mfano wa daftari la wageni la gesti linaloonyesha nani yuko chumba gani. Windows hutumia NTFS. Mac hutumia APFS tangu 2017, na kabla ya hapo HFS+. Linux nyingi hutumia ext4. Windows ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani haisomi APFS, HFS+ wala ext4. Mac husoma NTFS bila kuweza kuandika, na ext4 haiigusi. Linux ndiyo yenye ukarimu zaidi: NTFS inaisoma na kuiandika. Mipangilio ya kawaida ya flashi ambayo zote tatu zinaisoma na kuiandika ni miwili, FAT32 ya mwaka 1996 na exFAT ya mwaka 2006.

Angalia hivi. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua "Disk Management". Kama diski ipo kwenye orodha na ukubwa wake ni sahihi, lakini haina herufi au sehemu ya mpangilio iko tupu au imeandikwa RAW, kuna uwezekano mkubwa ni mzima aliyetoka nyumba nyingine. Kwenye Linux andika `lsblk -f` uone jina la mpangilio limeandikwa waziwazi. Kwenye Mac fungua Disk Utility.

Dawa yake ni ya kizamani: rudisha flashi kwenye kompyuta iliyoiandika, nakili mafaili yote pembeni, yafungue mawili matatu uhakikishe yamekamilika, halafu ndipo uifomati kwa exFAT. Kwenye Disk Utility ya Mac chagua kwanza "Show All Devices" chini ya menyu ya View, ubofye diski yenyewe ya juu kabisa, si kitoto chake. Kwenye "Scheme" chagua "Master Boot Record" kama flashi itatembea pia kwenye redio, televisheni au mashine ya fotokopi. Mashine nyingi za fotokopi zinataka FAT32 tu, kwa hiyo anayechapisha moja kwa moja kutoka kwenye flashi awe na ndogo ya FAT32 kwa kazi hiyo.

Wenye Linux ya zamani watasema exFAT inawagomea. Ni kweli. Microsoft ilichapisha maelezo ya exFAT mwaka 2019, na kiini cha Linux kikaanza kuielewa chenyewe kwenye toleo 5.4 la mwaka huohuo. Kabla ya hapo unahitaji kifurushi cha exfat-fuse. Kwenye Ubuntu na Debian za sasa, `sudo apt install exfatprogs` inakupa na zana za kufomati na kukagua.

Chanzo cha pili ni kuchomoa bila kuaga. Diski iliyochomolewa ikiwa bado inaandikwa huacha orodha yake nusunusu. Hapa Mac ina tabia inayotisha watu bure: ukichomeka diski kubwa ya exFAT iliyochomolewa vibaya, haionekani kwa dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mfumo unaikagua kimyakimya. Iache. Ukiichomoa tena katikati, unaanza upya na kidonda kinaongezeka. Ikishafunguka, nakili mafaili kwanza. Ukaguzi wa `chkdsk E: /f` kwenye Windows au "First Aid" kwenye Mac ufuate baada ya nakala kupatikana, kwa sababu zana hizi kazi yake ni kunyoosha orodha, na faili ambalo halikai vizuri kwenye orodha zinaweza kulikatilia mbali.

Chanzo cha tatu ni BitLocker. Diski za ofisini mara nyingi zimefungwa kwa ufunguo huu wa Microsoft. Mac itasema haiisomi. Linux mpya zitauliza neno la siri. Ifungue kwenye Windows kwa paswedi yake au ufunguo wa tarakimu 48, na kama ni mali ya mwajiri, mpelekee mtu wa IT. Hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuipita hiyo, na anayekuambia anaweza atakula hela yako.

Hapa pa kusimama ni wazi. Diski ikilia tik-tik, ikiwa imeanguka, ikichemka mkononi, au "Disk Management" ikionyesha ukubwa wa sifuri, zima na uiache. Usijaribu kompyuta ya tatu na ya nne. Usiweke kwenye friza, hata kama mtu ameapa ilimsaidia. Kila dakika inayozunguka huenda kichwa cha kusomea kinakwaruza sahani zenye data yako. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake iulizwe kabla ya kumwachia.

Na kama umeshabofya "Format"? Usiandike kitu kingine. Ufomati wa haraka hufuta orodha tu, mafaili yenyewe bado yamelala chini yake. Chomoa, tafuta kompyuta nyingine, endesha TestDisk au PhotoRec, zote za bure, na yanayookolewa yahifadhi kwenye diski tofauti. Ufomati mrefu wa Windows huandika sifuri diski nzima. Huo hauna wa kuurudisha. Diski ya SSD nayo husafisha nafasi iliyofutwa yenyewe, kwa hiyo usichelewe.

"Inafunguka vizuri, lakini haikubali niweke kitu"

Kwenye Mac, karibu kila mara diski ni NTFS. Picha zinaonekana, video zinacheza, lakini ukitaka kubandika faili unakuta sehemu ya "Paste" imefifia. Hakuna kilichoharibika. Ama uhamishe vitu kwenye exFAT, ama ununue programu ya Paragon au Tuxera inayoipa Mac uwezo wa kuandika NTFS. Mimi huwashauri watu exFAT, haidai leseni.

Kwenye Linux, hasa kwa waliosimika Windows na Linux kwenye kompyuta moja, mkosaji ni uwashaji wa haraka wa Windows. Tangu Windows 8, ukibofya "Shut down" mashine haizimi kabisa: sehemu ya mfumo inalala na kuacha kumbukumbu zake wazi kwenye diski. Linux ikija inakuta chumba kina mtu bado, inagoma kuingia au inaingia kwa kusoma tu, na kukuandikia kwamba diski haiko salama. Inakulinda. Rudi kwenye Windows, nenda Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", uondoe tiki ya "Turn on fast startup". Ukiwa na haraka, bofya "Restart" badala ya "Shut down" kisha uingie Linux. Kuanzisha upya hakuachi usingizi wowote nyuma.

Utasoma mahali wakikuambia utumie `ntfsfix` au chaguo la `remove_hiberfile`. La kwanza halirekebishi NTFS inavyotakiwa, linasafisha alama tu na kuiachia Windows kazi. La pili linafuta kilichokuwa kimelala, pamoja na hati ambayo hukuihifadhi. Yaache mpaka uwe huna tena Windows ya kuirudia.

Kadi ya kamera ina kiswichi ubavuni, kisukume juu. Flashi ya ext4 kutoka Linux moja kwenda nyingine inaweza kukataa kwa sababu mwenye mafaili anatambuliwa kwa namba, na namba yako kule siyo yako huku. Amri ya `sudo chown -R $USER` ikifuatiwa na njia ya folda inatosha.

Lakini kama flashi imeanza kusema "write-protected" kwenye kompyuta zote, bila swichi, baada ya miaka ya kutumika, chipu yake imechoka na imejifunga ili usipoteze kilichomo. Nakili vyote leo. Hakuna programu ya kuifufua, usilipie.

"Faili dogo linaenda, kubwa linakataa"

Wapiga video za harusi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Sherehe imekatwa vizuri, faili moja la GB 11, flashi ina GB 64 tupu, na Windows inasema faili ni kubwa mno kwa diski inayolipokea. Mteja anadhani flashi ni feki. Ni FAT32: faili moja haliruhusiwi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja, hata diski iwe na ukubwa gani.

Kama flashi haina kitu cha maana, ifomati exFAT. Kama ina vitu na huna pa kuviweka, Windows inaweza kuigeuza bila kufuta kwa amri ya `convert E: /fs:ntfs`, ila ukumbuke mwenye Mac ataisoma tu. Njia ya tatu ni kuikata video kwa 7-Zip katika vipande vya MB 4000, na anayepokea aviweke vyote folda moja kabla ya kufungua cha kwanza.

Faili likienda lote lakini huko mbele halichezi, fikiria mambo mawili. La kwanza ni haraka. Linux hupokea data kwenye kumbukumbu na kuiandika flashini taratibu, kwa hiyo mstari wa maendeleo unakimbia mpaka mwisho wakati nusu ya video bado iko njiani. Bofya alama ya kutoa flashi na usubiri ruhusa, au andika `sync` na usichomoe mpaka amri irudi.

La pili ni flashi yenye ukubwa wa uongo, na hizi zimejaa sokoni. Inajitangaza TB 2, ndani ina chipu ya GB 16 au 32. Inapokea kila kitu kwa furaha, na vilivyozidi vinakwenda kuandikwa juu ya vilivyotangulia. Mtu anagundua miezi baadaye, picha za msiba au za mtoto mchanga zinafunguka nusu, chini kijivu. Inaniuma kila nikikutana nayo. Kabla ya kuiamini flashi mpya, ipime ikiwa tupu kwa H2testw kwenye Windows, au `f3write` na `f3read` kwenye Linux na Mac. Kipimo kinaijaza yote kisha kinaisoma. Kwa diski kubwa kinachukua saa nyingi, iache usiku. Ikifeli irudishe kwa muuzaji siku hiyohiyo.

"Mafolda yangu yamegeuka njia za mkato"

Unachomeka Windows, kila folda ina kimshale, au unakuta alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Ukubwa uliotumika unaonyesha GB 9, lakini huoni mafaili. Hiki ni kirusi cha kompyuta za umma. Kimeyaficha mafaili na kuweka mtego mbele yake. Usibofye hata kimoja, kwa sababu kubofya ndiko kunakokiingiza kwenye kompyuta yako.

Hapa kuwa na mfumo mwingine ni neema. Chomeka flashi kwenye Linux: maficho ya Windows hayana nguvu huko, folda zako utaziona, pengine ndani ya folda moja isiyo na jina. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja. Nakili hati na picha zako tu, uache kila kinachoishia na .lnk, .vbs, .exe au .js, kisha uifomati flashi. Kama una Windows pekee, fungua Command Prompt uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Amri hii inafichua tu, haiui kirusi. Kompyuta iliyoambukiza flashi inabaki mgonjwa mpaka ipitishwe uchunguzi wa Microsoft Defender, ule wa "Offline scan".

Watu huchanganya hili na jambo lingine lisilo na madhara. Flashi iliyopita kwenye Mac hurudi na vifaili vya KB 4 vinavyoanza na nukta na mstari, mfano `._Barua.docx`, na Word ikikifungua inasema kimeharibika. Hati yako halisi ipo palepale pembeni, bila nukta. Hivyo vidogo ni kumbukumbu za Mac zisizo na pa kukaa kwenye FAT32 na exFAT. Vifute ukitaka, au kabla ya kuchomoa andika kwenye Terminal ya Mac `dot_clean -m /Volumes/JINA`, ukiweka jina la flashi.

"Tuko waifai moja lakini kompyuta hazionani"

Hapa watu hukimbilia kubadili mipangilio kumi kwa pamoja, na wakifanikiwa hawajui kipi kilisaidia. Nenda kwa hatua.

Anza kwa kuhakikisha kweli mko mtandao mmoja. Mara nyingi mmoja yuko kwenye waifai ya wageni au ya simu yake. Andika `ipconfig` kwenye Windows, `ip a` kwenye Linux, na kwenye Mac tazama mipangilio ya mtandao. Kwenye ruta za nyumbani na ofisi ndogo, tarakimu za makundi matatu ya mwanzo zinapaswa kulingana, mfano 192.168.1.15 na 192.168.1.22. Ukiona 169.254, kompyuta hiyo haijapewa anwani; zima waifai uwashe. Kama kuna VPN, izime kwa muda.

Halafu acha kutegemea orodha ya majirani. Orodha ile huwa na mapengo hata mambo yakiwa sawa. Gonga mlango wenyewe: kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `\\192.168.1.15`, kwenye Mac, ukiwa Finder, bonyeza Command na K, andika `smb://192.168.1.15`, kwenye Linux andika hivyohivyo kwenye upau wa anwani wa mafolda. Ikifunguka, tatizo lilikuwa majina tu na unaweza kuendelea na kazi. Linux ikitaka ionekane kwenye orodha ya Windows, isimikie `wsdd`.

Isipofunguka, au Windows ikitoa kosa 0x80070035, tazama Windows inauitaje mtandao wenu. Ukiwa "Public", faiwoli yake inafunga milango yote kwa wageni, na inafanya vyema. Kama ni mtandao wa nyumbani au ofisi yenu, ugeuze kuwa "Private". Usigeuze kwenye waifai ya hoteli, mgahawa au stendi. Wala usizime faiwoli nzima kwa ajili ya folda moja.

Kwenye kompyuta yenye mafaili hakikisha kushiriki kumewashwa: Mac ni Settings, General, Sharing, "File Sharing", Linux inahitaji Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell kule Australia mwaka 1992, ambayo mpaka leo ndiyo inayoifanya Linux izungumze SMB, lugha ya Windows ya kushirikisha mafaili mtandaoni. Kama kila kitu kiko sawa na bado kimya, ruta imewatenga wateja wake wasionane. Kwenye waifai za hosteli ni kawaida, na mwenye ruta ndiye wa kuombwa. Mkiwa na haraka, unganisheni kompyuta zote kwenye simu ya mmoja wenu na mtumie LocalSend, ya bure na ya mifumo yote.

Mwisho kabisa ni vifaa vya zamani. Windows XP, hifadhi za mtandao za miaka mingi, na mashine za fotokopi zinazotuma skani kwenye folda zinajua SMB toleo la kwanza tu. Windows 10 iliacha kulisimika toleo hilo kuanzia 1709 ya mwaka 2017, mwaka uleule ambao mwezi Mei kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wake na kuzifunga kompyuta nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Samba nayo ikalizima kuanzia 4.11 mwaka 2019. Fundi atakuja akuambie "naliwasha dakika mbili". Mkatalie. Tumia skani ya flashi au ya barua pepe, na mashine ya XP ipe mafaili kwa mkono.

"Inaniomba paswedi, naandika sahihi, inakataa"

Swali langu la kwanza: umeandika PIN? PIN ya Windows inafungua kompyuta uliyoikalia tu. Mtandaoni inatakiwa paswedi ya akaunti, na kama ni akaunti ya Microsoft, jina ni barua pepe nzima. Akaunti ya ndani isiyo na paswedi nayo hukataliwa mtandaoni kwa makusudi, iwekee.

Samba ina daftari lake la paswedi, tofauti na la Linux yenyewe. Andika `sudo smbpasswd -a` na jina lako, uweke paswedi. Wengi wanakwama hapa siku nzima. Kwenye Mac, ndani ya chaguo za "File Sharing", tia tiki jina la akaunti chini ya "Windows File Sharing". Bila tiki hiyo Windows hairuhusiwi kuingia.

Kama ilikuwa inakubali ikaacha ghafla, huenda Windows inarudia paswedi ya zamani iliyoitunza. Futa kwenye Credential Manager, kisha `net use * /delete`. Na kama ujumbe unataja wageni wasiotambulika, Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 imeacha kuingia folda zilizo wazi bila jina. Usiirudishe nyuma, tengeneza mtumiaji mwenye paswedi upande wa pili.

Kwenye kompyuta ya kazini inayosimamiwa na ofisi, simama hapa. Mipangilio hiyo si yako, mpigie mtu wa IT.

"Limefika, lakini maandishi yameharibika"

Kiswahili kinatudanganya hapa. Herufi zetu ni za kawaida tupu, kwa hiyo orodha ya wanachama 300 inafunguka safi kutoka Linux kwenda Excel, mpaka ufike mstari wenye ng’ombe ukakuta ng’ombe. Kile kikato kilichopinda kimeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuandika herufi, Excel imekisoma kwa herufi za kizamani za Windows. Penye Kiarabu hutasoma hata neno. Usilifungue faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kwa kubofya mara mbili: fungua Excel tupu, nenda Data, "From Text/CSV", na kwenye "File Origin" chagua "65001: Unicode (UTF-8)". Ukiwa umelifungua vibaya, funga bila kuhifadhi, kwa sababu ukihifadhi uchafu ule unakuwa ndiyo maandishi yenyewe.

Majina ya mafaili yana mipaka yake. Windows na exFAT hazikubali \ / : * ? " < > | ndani ya jina, wakati Linux inakuruhusu kuandika "Mtihani: Kidato cha 2?" bila neno; ukinakili unapata kosa. Badili jina. Linux pia inaona Barua.docx na barua.docx kama hati mbili, Windows inaona moja. Ukiulizwa "Replace" wakati unahamisha folda kutoka Linux, jibu hapana mpaka uangalie.

Mpangilio wa kurasa ukivurugika, ni fonti. Hati ya Calibri ikifunguliwa Linux isiyo na Calibri, mistari inasogea na jedwali linahamia ukurasa wa pili. Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri: `sudo apt install fonts-crosextra-carlito`. Kwa kazi ya kuchapisha, beba PDF pamoja na .docx kwenye flashi ile ya FAT32, na ukifika kaunta mwombe kijana afungue PDF, mhesabu kurasa pamoja kwenye kioo, kisha ndipo abofye "Print".